Kadi ya Harusi Isigeuke Hongo

Likizo ikikaribia, simu za wanachuo hujaa kadi. Unafungua WhatsApp asubuhi, unakuta picha ya maharusi waliovaa sare, maua pembeni, maandishi ya dhahabu, na chini kabisa namba ya kutumia hela. Hiyo ni kadi ya mchango. Kadi ya mwaliko inakuja baadaye, tena kwa aliyelipa. Ukifikisha kiwango cha chini unapewa "single", ukiongeza unapewa "double" uje na mwenzako. Usipofikisha, unabaki na ile picha kwenye simu.

Sisi tunaosoma Tabora tuna neno la zamani linalofaa hapa. Karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Waliotoka Bagamoyo walifika hapa, kisha wengine wakaendelea magharibi hadi Ujiji, wengine wakashika njia ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Njiani, hasa Ugogo, msafara ulitoa hongo kwa watemi: vitambaa, shanga, waya. Ndipo uliporuhusiwa kupita. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa wazi, haikuwa na maana ya rushwa tunayoijua leo.

Mlango wa ukumbi wa harusi siku hizi una ushuru wake. Kijana amesimama pale anakagua kadi moja moja na namba zake. Ila msafara ulikuwa wa wageni kabisa kwa mtemi. Anayeachwa nje leo ni binamu, jirani, au mtu uliyelala naye bweni moja miaka mitatu.

Tupige hesabu ya kwetu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, boom ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Mchango wa 50,000 ni chakula na kodi ya siku 5. Kadi nne zikija mwezi mmoja, umeombwa siku 20. Na hapo nazungumzia mwenye mkopo. Wapo wenzetu wengi wasiopata hata shilingi. Matokeo yake tunayaona: mtu anakuwa kimya kwenye grupu, anakwepa kukutana na bwana harusi mtarajiwa, halafu urafiki unapoa bila yeyote kugombana.

Wanakamati wana hoja yao, na ina uzito. Chakula kina gharama, ukumbi una idadi ya viti, na watu wakiachwa bila kiwango wanaahidi kwa mdomo halafu wanapotea. Kweli kabisa. Lakini hoja hiyo inaanza katikati. Kwanza tumepanga sherehe ya watu 300, ndipo tukatafuta wa kuilipia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili. Wengine wote tumewaongeza wenyewe kwa sababu tunawapenda, au tulipaswa kuwa tunawapenda. Kama bajeti inatosha watu 80, waalikwe hao 80.

Sipingi kuchangiana. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ninachopinga ni kuunganisha mchango na kiti. Ombi la mchango liende peke yake, bila kiwango, kwa anayeweza. Mwaliko uende kwa mtu unayetaka awepo, awe ametoa au hajatoa. Na daftari la kamati liandike pia vitu na kazi. Mtu akileta dumu la asali kutoka Sikonge, au kuku wawili, amechangia. Mwanachuo atakayebeba viti, kupika, au kukaa usiku kucha kuandika majina ya wageni, naye amechangia.

Sasa kadi yenyewe. Watu wanatumia wiki nzima kuchagua rangi na aina ya karatasi, kisha maneno wanayachukua yalivyo kwenye templeti, mara nyingi kwa Kiingereza. Tunaosomea ualimu tunafundishwa kuuliza kwanza: atakayesoma hiki ni nani? Bibi aliyemlea bwana harusi kule Uyui hasomi Kiingereza, na huenda ana kitochi kisichofungua picha. Kwa vile hayumo kwenye grupu la michango, anaweza hata asiwe kwenye orodha. Mtu wa kwanza kustahili kadi anakuwa wa mwisho kupata habari.

Kwa hiyo, kwa wenzangu mnaojiandaa, nashauri hivi. Andikeni kwa Kiswahili, na kama familia ni ya Kinyamwezi ongezeni salamu yao. Jina la mgeni liandikwe kwa mkono, vile mnavyomwita nyumbani: Bibi, Mama Mkubwa, Mjomba, Mwalimu. Hakuna urembo wa kiwandani unaoshinda hilo, na gharama yake ni kalamu. Kama aliyemlea bi harusi ni shangazi, jina la shangazi liwepo kati ya wanaoalika, hata kama templeti ina nafasi ya baba na mama tu. Andikeni saa ambayo shughuli itaanza kweli, pamoja na alama ya mahali inayojulikana na watu wa Isevya au Ng'ambo, maana ramani ya simu haimsaidii kila mtu.

Karatasi chapisheni chache, kwa wazee, na zipelekwe na mtu wa familia anayeweza kukaa, kusalimia na kujibu maswali. Ndivyo mialiko mingi ya ndoa ilivyozoea kwenda, mjumbe akipita nyumba kwa nyumba. Wengine watumieni kadi ya simu, haina ubaya, mradi iwe na jina la mhusika na isiwe na namba ya malipo chini yake.

Wengi wetu tutaoa au kuolewa ndani ya miaka michache baada ya kuhitimu. Kabla hujaenda stationeri kuuliza bei, kaa na mwenzako muandike majina ya watu ambao bila wao hamtaona kama mmefunga ndoa. Orodha hiyo ikikamilika ndipo muite kamati, na muwaambie wanakamati mapema kwamba hakuna jina litakalofutwa humo kwa sababu ya hela.