Maji na Hewa Kabla ya Kanuni

Tumezoea kuanza somo la haidroliki kwa kuandika Kanuni ya Pascal ubaoni. Mwanachuo huikariri, akafaulu mtihani, kisha akashindwa kueleza kwa nini pedali ya breki hudidimia hewa inapoingia katika mabomba ya mafuta ya breki. Kosa hilo ni letu wakufunzi.

Twaona yafaa kuanza na mabomba mawili ya sindano, mapya, yasiyo na ncha ya chuma, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba. Kwanza yajazwe hewa: ukisukuma pistoni moja, ya pili husitasita, kisha huruka. Halafu yajazwe maji: zote mbili huenda pamoja. Mkono umekwisha kuhisi kwamba hewa hubanika, na maji, kwa nguvu za mkono, hayabaniki.

Hapo ndipo liletwe bomba lenye kipenyo mara mbili. Kani huongezeka mara 4, lakini pistoni kubwa husogea robo tu ya mwendo wa ile ndogo. Wengi hudhani nguvu hiyo imepatikana bure. Waachwe wapime kwa rula, wabishane. (Kipindi kizima kitakwisha, na mkuu wa idara atanung'unika.) Kanuni iandikwe baadaye, tena iandikwe nao.