Msomaji wa Bwana Msa na Dharau ya Mhakiki

Kuna ada iliyojengeka katika idara zetu za Kiswahili, nayo ni kumwacha msomaji wa kawaida mlangoni. Mhakiki husoma kitabu, akachambua maudhui, fani na wahusika, akatoa hukumu, wala asione haja ya kuuliza waliokipenda walikipendea nini. Ada hii imeudhuru vibaya utanzu mmoja: riwaya ya upelelezi yenye ucheshi, inayotolewa kwa mfululizo. Makala haya yanatetea hoja moja tu. Kauli ya msomaji aliyeufuata mfululizo tangu mwanzo ni uhakiki, tena ina kipimo ambacho mhakiki wa kitabu kimoja hana.

Mfano wetu ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja (1918–1991). Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ilichapishwa mwaka 1960. Ikafuatwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Hizo ni riwaya saba katika muda wa miaka 24, na kadhaa kati yazo zilitolewa na wachapishaji wa Nairobi.

Msomaji wa mfululizo kama huu anapopata kitabu kipya haanzi kwa kuuliza dhamira. Huuliza: Bwana Msa ni yule yule? Najum bado anayaona yote asiyaelewe? Spekta Seif amepewa nafasi yake? Mazungumzo yanachekesha kama ya kitabu kilichopita, au ucheshi umepoa? Je, nimemtambua mhalifu kabla ya Bwana Msa mwenyewe? Msomi husikia maswali haya akatabasamu. Kwake hayo ni maneno ya barazani.

Tabasamu hilo halina msingi. Mwaka 1967 Hans Robert Jauss alitoa mhadhara wake mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Konstanz, akadai kuwa historia ya fasihi haiwezi kuandikwa bila kuzingatia upeo wa matarajio ya wasomaji. Dhana hiyo hunukuliwa katika tasnifu zetu kwa unyenyekevu mkubwa. Ajabu ni kwamba inapojitokeza yenyewe, kwa Kiswahili fasaha, kinywani mwa mtu asemaye "hiki cha sasa kimepungua chumvi", hatuitambui. Kimepungua kwa kulinganishwa na nini? Na vitabu vilivyotangulia. Huo ndio upeo wa matarajio. Hauhitaji kwenda Ujerumani kuutafuta.

Tuchukue jina la riwaya ya saba: Kosa la Bwana Msa. Kwa asiyewahi kumsoma Abdulla, jina hilo ni taarifa tupu kwamba bwana fulani alikosea. Kwa aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale, jina lenyewe ni kichekesho na kishindo kwa wakati mmoja, kwani huyu ndiye bwana wa kiko ambaye kwa vitabu sita amefumbua yaliyowashinda wengine. Maana ya maneno yale manne haimo katika kitabu cha 1984 peke yake. Imewekwa akiba katika kumbukumbu ya msomaji tangu 1960. Mhakiki anayekichambua kitabu hicho kana kwamba kimeanguka kutoka mbinguni amekosa hata jina lake, sembuse yaliyomo.

Wapinzani wetu watasema kuwa mfululizo ni marudio, na marudio ni umaskini wa ubunifu. Lakini marudio nayo husema jambo. Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili yalitokea Mapinduzi ya Januari 1964, yaliyoigeuza Zanzibar juu chini. Ulimwengu wa Bwana Msa haukugeuka kwa kiasi hicho. Kwa nini? Ni woga, ni hamu ya yaliyopita, au ni kanuni ya utanzu? Swali hili ni zito, na linamjia yule tu anayesoma kitabu baada ya kitabu, akaona nini kimebadilika na nini kimegoma kubadilika.

Wengine hutosheka kusema kwamba Bwana Msa ni nakala ya Sherlock Holmes. Kiko kipo, na sahibu wa kusangazwa yupo, hilo hatulikani. Hata hivyo, asomaye kwa kicheko hachekeshwi na kiko. Huchekeshwa na mazungumzo ya Kiunguja: mzaha, kejeli, na maneno yanayozungushwa mpaka msemaji ajifunge mwenyewe. Hayo hayakutoka London.

Hatusemi kuwa msomaji hakosei. Mapenzi ya mazoea hupofusha. Arthur Conan Doyle alipomuua Holmes mwaka 1893 wasomaji walimlaumu kwa barua, na mwaka 1903 akamfufua. Wapo wanaoamini kwamba ufufuo ule ulimnufaisha msomaji zaidi ya sanaa. Iwe hivyo. Kauli ya msomaji ni ushahidi, na ushahidi hupimwa. Hautupwi kabla ya kusikilizwa. Anayesema kitabu kipya kimepungua aulizwe kimepungua wapi, naye mhakiki aende kwenye matini akahakikishe.

Gharama ya dharau hii tunailipa wenyewe. Tumegawa riwaya ya Kiswahili mafungu mawili, "dhati" na "pendwa", kisha tukafundisha la kwanza kwa kina na la pili kwa aya moja. Mwanafunzi aliyeipenda fasihi kwa sababu ya Bwana Msa huingia darasani akajifunza kuionea haya furaha iliyomleta. Basi tunapendekeza mambo mawili. Mosi, tasnifu yoyote juu ya riwaya moja ya mfululizo isikubaliwe mpaka mtahiniwa athibitishe kuwa amesoma zote, kwa mpangilio wa kutoka kwake. Pili, maoni ya wasomaji wa mfululizo huo yakusanywe na yachambuliwe pamoja na matini. Atakayepinga atuonyeshe kwanza ni wapi ndani ya Kosa la Bwana Msa palipoandikwa kwamba bwana huyo hakuzoea kukosea.