UCHAMBUZI: Mgao wa kazi za umma wahesabu makabila, wamsahau kijana wa Riruta

RAIS Donald Trump wa Marekani alipotia saini, Januari 20 na 21, 2025, amri za kufutilia mbali mipango ya serikali yake ya kuwapa nafasi watu wa asili, rangi na jinsia mbalimbali kazini, wengi wa waliomshangilia walisema taifa lao limechoshwa na siasa za watu wanaojiona "wameamka" kuliko wenzao. Itakumbukwa kwamba Juni 2023, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kupiga marufuku vyuo vikuu kuzingatia rangi ya mwanafunzi wakati wa kumsajili.

Upepo huo ulifika Kenya bila kuchelewa. Katika vipindi vya redio na katika mabaraza ya mitaani, hoja ya kwamba mwenye sifa apewe kazi na kabila lake lisiulizwe imepata watetezi wapya, baadhi yao wasomi wa kuheshimika.

Hoja hiyo inavutia masikioni. Hata hivyo, ikipelekwa Riruta Satellite, kando ya Barabara ya Naivasha, inagonga mwamba. Mtaa huu pamoja na Kawangware, na Kibera iliyo ng'ambo ya Ngong Road, ni makao ya Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, Wakisii, Wanubi na wengineo wanaochota maji kwenye mfereji mmoja. Kila alfajiri, mamia ya wakazi hutembea kwa miguu hadi Lavington na Kileleshwa kutafuta vibarua vya mjengo, vya kufua na vya kulinda malango. Kijana wa hapa mwenye bahasha yake ya vyeti haulizi kwa nini nafasi zinagawanywa. Anauliza zinagawanyiwa nani.

Ni swali la haki, na jibu lake limo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyopitishwa majivu ya ghasia za baada ya uchaguzi yakiwa bado na moto, inasema katika kifungu cha saba kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa jamii kubwa kuliko zote nchini, Wakikuyu, ni takriban asilimia 17 ya Wakenya. Kwa maneno mengine, sheria inairuhusu jamii yoyote kubwa kuchukua karibu maradufu ya fungu lake na bado ikaitwa tiifu.

Hilo si la kubuni. Ukaguzi wa Tume ya Uwiano na Utangamano uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa jamii tano pekee zilishikilia karibu asilimia 70 ya kazi katika utumishi wa umma, Wakikuyu wakiwa na asilimia 22.3. Hakuna aliyevuka thuluthi. Katika kaunti, ambako sheria ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini ziende kwa wasio wa jamii kubwa ya eneo hilo, ukaguzi wa 2016 ulipata kaunti 15 tu kati ya 47 zilizotii. Na mwaka 2023, Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilipoajiri wasaidizi 1,406, tume hiyo ililalamika kwamba zaidi ya nusu walitoka jamii mbili.

Kwa hivyo wanaodai kwamba Kenya imezama katika mgao hata sifa zikatupwa wanapaswa kwanza kuonyesha ni wapi mgao huo uliwahi kufuatwa kikamilifu. Mwaka uo huo wa 2023, Rigathi Gachagua, akiwa Naibu wa Rais, aliilinganisha serikali na kampuni yenye wenyehisa, kwamba waliowekeza kura ndio wa kuvuna kwanza. Kauli hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwandama hadi Seneti ilipomtimua Oktoba 2024. Aliyasema hadharani yale ambayo wengine huyatekeleza kwa simu moja tu, usiku.

Lakini kuna jambo zito zaidi ambalo wakaguzi hawajaligusa. Fomu ya maombi ya kazi serikalini humtaka mwombaji ajaze kabila na kaunti ya nyumbani. Kijana aliyezaliwa Riruta, akasomea Riruta, ambaye Vihiga huijua kwa mazishi ya babu tu, huandikwa Vihiga. Papo hapo anatiwa chungu kimoja na mtoto wa katibu wa wizara anayeishi Lavington, mwenye jina la tatu linalofanana na lake, aliyesomea shule za gharama na ambaye mjomba wake anaketi kwenye jopo la mahojiano. Wa Lavington anapopata kazi, daftari linaonyesha kwamba Waluhya wamepata. Wa Riruta anarudi kwenye mjengo, huku akiambiwa kwamba jamii yake imeridhishwa.

Hapa ndipo malalamiko ya Nairobi yanapoachana na ya Washington. Kule wanabishana iwapo watu wahesabiwe au la. Huku wamehesabiwa tangu enzi ya kipande, ila hesabu inaishia kwenye ukoo na haifiki kwenye nyumba ya mabati. Wenye nacho katika kila kabila wameugeuza umaskini wa jamaa zao kuwa tiketi yao wenyewe.

Wanubi wa Kibera wana kisa chao. Mababu zao walikuwa askari wa Mwingereza waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, lakini vijana wao walipofika miaka 18 walipelekwa mbele ya kamati za msasa kabla ya kupata kitambulisho, ambacho bila hicho hakuna fomu ya kazi inayojazwa. Msasa huo ulifutwa na Rais William Ruto Februari 2025.

Na tusisahau kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini imo katika jua kali, ambako kifungu cha saba hakina la kusema. Kazi nyingi zinazopatikana Riruta ni za watu binafsi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa kikabila hata huko, lakini fundi aliyenyimwa kibarua kwa sababu ya lafudhi yake hana nauli ya kwenda mahakamani wala barua ya kuthibitisha kwamba aliwahi kuomba.

Palipo na mwanya ni kwa walemavu. Sheria mpya iliyotiwa saini Mei 2025 inawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi, wa umma na wa kibinafsi, kuwatengea asilimia tano ya nafasi. Maduka makubwa, kampuni za ulinzi na shule za kulipia zilizoko umbali wa kutembea kutoka Satellite sasa zinabanwa moja kwa moja. Kwa mara hii kinachoulizwa ni hali ya mtu mwenyewe, na kaunti ya babu yake haimo katika swali.