Ndege Bila Mafundi

Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilivunjika. Makao yake makuu na karakana zake kubwa zilikuwa Nairobi. Kwa hiyo Tanzania haikupoteza ndege tu. Ilijikuta mbali pia na mahali ndege hizo zilipotengenezewa. Mwezi Machi mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania.

Somo la mwaka ule lingali hai. Ndege hununuliwa, lakini ufundi hujengwa.

Tangu mwaka 2016 Serikali imenunua ndege mpya, zikiwemo Bombardier Q400, Airbus A220 na Boeing 787. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, mwaka 2022 baadhi ya Airbus hizo zililazimika kusimama kwa matatizo ya injini. Kasoro ilitoka kiwandani, wala haikuikumba Tanzania peke yake. Lakini ilikumbusha kwamba ndege isiyoruka haiingizi fedha, bali huzila.

Wahenga walisema: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za anga ni vipuri, karakana na mafundi. Mwalimu anayefundisha hisabati na fizikia kwa bidii anamwandaa fundi wa kesho. Mtumishi anayelikalia faili la vipuri anaizuia ndege sawasawa na injini mbovu. Hapana budi kila mmoja ajiulize yuko upande upi.