Santuri Nzuri ni Ile Inayosomeka

Wakusanyaji wa santuri za zamani wana ibada zao. Kuna mtu Ulaya au Marekani atakayenunua nakala tano au sita za Thriller ya Michael Jackson, iliyotoka mwaka 1982, azisikilize moja baada ya nyingine, kisha abaki na ile moja iliyotoa sauti bora kuliko wenzake. Huiinamisha santuri kwenye mwanga, akasoma herufi ndogo zilizochorwa kwenye ukingo mtupu unaozunguka lebo, maana ni herufi hizo zinazomwambia ni fundi gani aliyeichonga na ni kiwanda gani kilichoifyatua. Anajua kwamba kalibu ikishafyatua maelfu ya santuri huanza kuchakaa kama kalibu ya matofali, na kwamba santuri ya mwanzo na santuri ya mwisho hazilingani japokuwa zina jalada moja.

Mimi siwacheki watu hao. Mwenye sikio kama lao anastahili heshima, hasa leo ambapo wengi wetu tunaridhika na muziki unaotoka kwenye kipaza sauti cha simu kilicho kidogo kuliko kisoda. Ila nikiwa mkaazi wa Ng'ambo, hapa Tabora, na nikiwa mtu wa mashairi kabla ya kuwa mtu wa magitaa, nina kipimo kingine cha ubora, nami nataka kukitetea. Kwetu sisi wa Kiswahili, santuri bora ni ile ambayo maneno yake yanasomeka kwa sikio. Nyimbo zetu za dansi ni mashairi ambayo mengi hayakuandikwa popote. Mtunzi alitunga kichwani, bendi ikaimba, na nakala pekee ya shairi ikabaki ndani ya mfuo wa sahani nyeusi. Sahani hiyo kwetu ni mswada, na mswada huchaguliwa kwa jinsi unavyosomeka.

Neno lenyewe lina safari yake. Santuri ni jina la ala ya nyuzi iliyotoka kwa Waajemi na Waarabu. Wazee wa pwani walipoletewa gramafoni waliipa jina hilo, na kile kinachozunguka juu yake wakakiita sahani ya santuri. Baadaye mashine ikapoteza jina lake, sahani ikalirithi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, Kiswahili kilipata sahani zake za mwanzo zilizotia fora. Nataja hayo kwa sababu tangu siku hiyo watu walinunua sahani ili wasikie kilichosemwa: nani kasifiwa, nani kapigwa kijembe, nani kaonywa. Ala zilipendwa sana, lakini habari ilikuwa katika maneno.

Sasa nirudi Tabora. Mji huu, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Kazeh na nchi yake Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara. Iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapa, mingine ikashika njia ya Ujiji, mingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri wa Ulaya waliandika mara nyingi kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njiani. Maneno waliyoimba, hata hivyo, yamenukuliwa kidogo mno, tena kwa masikio ya kigeni na tahajia ya kubahatisha. Tumebaki na taarifa kwamba kulikuwa na nyimbo. Hiyo ni hasara ambayo hakuna wa kulaumiwa leo, lakini ni hasara ninayoikumbuka kila ninapoweka sindano juu ya sahani iliyokwaruzwa.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mji ukaendelea kupokea kila kilichopita, muziki ukiwamo. Kwa mji wa ukubwa wake, Tabora ilizaa bendi kwa ukarimu. Salum Zahoro aliongoza Kiko Kids. Shem Karenga aliimba Dada Asha akiwa na Tabora Jazz. Nyanyembe Jazz, iliyobeba jina la nchi yenyewe, ndiyo iliyoimba Rangi ya Chungwa, wimbo ambao umerudiwa na wengi kiasi kwamba vijana wanaujua bila kujua kuwa ulitoka kwetu. Na hapo ndipo pana ushahidi wa ninalolisema. Wimbo unaporudiwa, anayeurudia huimba alichosikia. Aliposikia vibaya hujaza mwenyewe, na baada ya warudiaji watatu neno la mtunzi limekwisha kufa, limezikwa, na juu ya kaburi lake limesimama neno jingine lenye afya njema.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, au zilipanda magari hadi Nairobi kwenye studio na viwanda. Huko ndiko zilikofyatuliwa sahani ndogo za inchi 7 ambazo ndizo zilizojaa katika nyumba na baa za huku bara. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Haukufunguliwa hadi 1983. Ndiyo sababu santuri za miaka hiyo ya mwisho wa sabini na mwanzo wa themanini, za Juwata, za Mlimani Park, za Vijana Jazz, zinazunguka kwa namna ya ajabu. Wimbo uliimbwa Dar es Salaam, sahani ikafyatuliwa Nairobi, na nakala safi unaweza kuambiwa iko Mombasa, Bujumbura au Muscat, kwa mtu ambaye babu yake alihama nayo sandukuni.

Sahani ndogo ina tabia moja ambayo mpenda ushairi hana budi kuijua. Upande mmoja hubeba dakika tatu hadi tano hivi. Wimbo wa dansi wa kwetu haukutungwa kwa kipimo hicho. Una beti zake, kisha kiitikio, kisha magitaa hushika kasi na waimbaji hurudi na maneno mengine ya mkato, ya utani, ya kutaja majina, ya methali. Mafundi waliukata wimbo katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mkato mara nyingine uliangukia pazuri, mara nyingine ulipita katikati ya ubeti kama panga. Wengi waliosikiliza walizoea upande wa kwanza, na wengi wanaonukuu maneno leo hunukuu upande wa kwanza tu. Sehemu ya pili huitwa ya kucheza. Mimi nimeisikiliza kwa daftari mkononi na nasema kwamba mara nyingi ndiko mtunzi alikoficha jibu la swali aliloliuliza mwanzo.

Sahani kubwa ya inchi 12 iliutoa wimbo mzima bila mkato, na kwa hiyo mtu angedhani ndiyo bora. Ngoja kwanza. Sahani kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mwanzoni, kwenye ukingo wa nje, mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde. Mwishoni, karibu na lebo, kasi hiyo hushuka hadi kama 21. Sauti ileile inabanwa katika nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo. Kinachoumia kwanza ni sauti nyembamba za juu, na katika maneno sauti hizo ni s, sh, z, f na th. Kwa hiyo wimbo wa mwisho wa upande, hata kama ndio mtamu kuliko yote, ndio unaosomeka kwa taabu. Sahani ndogo, kwa kuwa huzunguka mara 45, haishuki chini ya sentimita 25 hivi hata karibu na lebo. Wimbo uleule ukiwa wa mwisho kwenye sahani kubwa na ukiwa peke yake kwenye sahani ndogo, mimi nitachukua ndogo, na mkato wake nitauvumilia.

Msomaji atauliza: konsonanti moja ina uzito gani? Nitatunga mstari wangu mwenyewe, nisimsingizie mtunzi yeyote:

Nilikwenda Ng'ambo jana, kumsaka mwenye shaka

Mizani ni nane kwa nane. Usikie katika sahani iliyochakaa, ambayo s na sh zimekuwa mvumo mmoja kama mafuta yanayokaangwa, na hutajua ni nani anayesaka na ni nani mwenye shaka. Kiswahili kimejaa jozi za namna hiyo: kisa na kiza, faa na vaa, suka na shuka. Waingereza wakipoteza s wanapoteza alama ya wingi. Sisi tukiipoteza huenda tumepoteza kitenzi chote. Tena katika mstari huo silabi ya m inahesabiwa, na mwimbaji huipa pumzi yake. Ikimezwa na besi, mizani inabaki saba, na mwanafunzi atakayeunukuu atasema mtunzi hakujua arudhi.

Nina rafiki, mwalimu mstaafu wa hapa mjini, ambaye tulibishana naye miezi kadhaa juu ya neno moja katika sahani yangu. Yeye alisikia kufaa, mimi nikasikia kuvaa, na maana ya ubeti ilikuwa mbili tofauti kabisa: ama mwanamke analalamika kwamba mume hamfai, ama kwamba mume anavaa vizuri kwa ajili ya wengine. Tulipopata nakala nyingine ya sahani hiyohiyo, iliyokaa kabatini bila kupigwa sana, tuliisafisha kwa maji na kitambaa laini, tukaisikiliza mara tatu. Ilikuwa kuvaa. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ubeti wake ulikuwa bora kuliko wa mtunzi. Huenda alikuwa na haki, lakini hilo ni jambo jingine.

Nakala zinazosomeka ni adimu kwa sababu yenyewe ya kupendwa. Wimbo uliopendwa ulipigwa kila jioni, kwa gramafoni ya betri yenye mkono mzito na sindano iliyokwisha, katika vumbi la Tabora ambalo mwezi wa Septemba huingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Wimbo ambao haukupendwa ulibaki safi ndani ya jalada lake. Matokeo yake ni kwamba sahani safi unayoipata kwa urahisi aghalabu ni ya wimbo usio na mvuto, na shairi ambalo mji mzima uliliimba limebaki kama maandishi yaliyofutwa na mikono ya waliolipenda. Mkusanyaji anayetafuta uzuri wa sahani peke yake atajenga maktaba ya nyimbo ambazo watu walizikataa.

Wanunuzi kutoka ng'ambo ya bahari wamezijua sahani hizi, na bei zimepanda hadi watu wa hapa wanatoa za mababu zao kwa furaha. Sitawaita wezi. Baadhi yao wamefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya: mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa na Buda Musique, umerudisha hewani nyimbo ambazo tungezikosa. Tatizo langu ni dogo na la dhati. Mnunuzi asiyejua Kiswahili huchagua nakala kwa gitaa na besi, kama anavyochagua Thriller. Nakala ambayo besi yake inanguruma vizuri lakini mwimbaji amezama haina kasoro kwake. Nakala mbili zikiwa mbele yake, moja ya besi na moja ya maneno, ya maneno inaachwa sokoni itumike kufunikia mtungi.

Mwaka 1970 J.W.T. Allen alichapisha orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika orodha hiyo aliweka kanda za sauti bega kwa bega na miswada ya karatasi. Aliona kwamba utenzi uliosomwa mbele ya kinasa sauti ni mswada. Naomba wenye mamlaka juu ya maktaba zetu wasogee hatua moja kutoka hapo: santuri ya Nyanyembe Jazz iorodheshwe kama unavyoorodheshwa utenzi, pamoja na hali yake, kiwanda chake, na maelezo ya msikilizaji juu ya mahali ambapo maneno hayasikiki.

Nitajibiwa kwamba kanda za Radio Tanzania zipo, nazo ndizo asili. Santuri ni nakala ya nakala. Kwa nyimbo zilizorekodiwa redioni ni kweli, na siku kanda hizo zitakapofunguliwa kwa kila mtafiti nitafurahi kuiweka sindano yangu kando. Lakini ziko nyimbo zilizorekodiwa Nairobi moja kwa moja, ambazo huku kwetu hazina kanda. Na hata hizo za redioni, mtu wa Ng'ambo hawezi kuzifikia akiwa na swali la neno moja jioni ya Jumapili. Sahani anaweza.

Ninachofanya kwa sasa ni kunukuu. Kila sahani ina ukurasa wake katika daftari: sehemu ya kwanza kushoto, sehemu ya pili kulia, na kila neno lenye shaka nimelipigia mstari badala ya kulikisia. Kurasa za kulia zina mistari mingi mno. Mwenye sahani za bendi za Tabora, popote alipo, azigeuze upande wa pili, azisikilize polepole, kisha aniandikie anachosikia, hata kama ni neno moja.