Daraja Lisiloonekana

Asubuhi moja mjini Unguja niliwakuta wanafunzi wanne wa kigeni wamesimama Darajani, karatasi mkononi. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa amewagawa makundi na kuwatuma mitaani na maswali, kwa sharti kwamba wasitamke neno la Kiingereza. Swali lililowakwamisha lilikuwa hili: “Daraja la Darajani liko wapi?”

Soko lililojengwa mwaka 1904 waliliona, daraja hawakuliona. Wakamwuliza kijana muuza kanga. Naye, kwa kutaka kuwafurahisha, akawajibu kwa Kiingereza! Nilisikitika. Mgeni amefunga safari kuja kujifunza lugha yetu, nasi twamnyima somo lake kwa ukarimu.

Aliyewaokoa ni mzee muuza ndimu. Alisema nao polepole, akiwasahihisha: “Si ‘maji yalikuwa na hapa’, mwanangu, sema ‘hapa palikuwa na maji’.” Akawaeleza kwamba zamani mkono wa bahari ulipita hapo, ukiutenga Mji Mkongwe na mitaa iliyoukabili, na watu wakivuka kwa daraja. Katika karne ya 20 maji yakafukiwa. Daraja likatoweka, jina likabaki.

“Na upande ule wa pili waitwaje?” akawauliza.

Binti mmoja akafikiri, mara uso ukamng’aa. “Ng’ambo!”

Mzee akampa ndimu mbili, senti hakutaka. Karatasi ilikuwa ingali na maswali matano, na jua limekwisha kuwa kali.