Filta ya Oili na Gari la Doria: Fundi wa Zamu Achague Ipi?

Asafiriye kutoka Bujumbura kuelekea kusini kwa Barabara ya Taifa namba 3, ziwa likiwa kuliani mwake na milima kushotoni, hufika Kabezi baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 20. Katika njia hiyo neno mafuta lina maana tatu. Kuna mafuta ya mawese, ambayo yameipatia Rumonge jina lake. Kuna mafuta ya petroli na dizeli, ambayo kwa miaka kadhaa sasa yamekuwa mazungumzo ya kila kijiwe. Halafu kuna oili ya injini, ambayo hakuna aizungumziaye mpaka siku gari lizimapo njiani. Ni hiyo ya tatu, pamoja na chujio lake ambalo mafundi wetu huliita filta, tutakayoijadili leo.

Msomaji asidhani kwamba tumekosa habari nzito za kumwandikia. Huko Ulaya gari la kasi ni gari la mashindano, au la tajiri anayejifurahisha mwisho wa juma. Kwetu sisi, gari linalotakiwa kutoa nguvu zake zote bila kuulizwa ni la doria au la wagonjwa. Hupanda milima ya Mutambu kwa gia ya kwanza, katika vumbi la kiangazi na tope la masika, kisha hurudi ziwani ambako joto halipungui hata usiku. Na Kabezi ina sababu ya pekee ya kujua thamani ya injini. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa na kituo hapo cha kuwahudumia wajawazito waliopatwa na matatizo, na magari yake yaliwachukua kina mama kutoka vituo vya afya vya milimani usiku na mchana. Katika ripoti yake ya mwaka 2012 shirika hilo lilieleza kuwa vifo vya wazazi katika eneo hilo vilikadiriwa kuwa 208 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 800. Sifa hiyo ni ya madaktari na wakunga, hapana shaka. Lakini mkunga aliyekaa katika gari lililozimika mlimani hana msaada mkubwa wa kumpa mzazi.

Sasa tuitazame hali ilivyo. Tangu mwaka 2021 uhaba wa fedha za kigeni umeifanya petroli na dizeli kuadimika nchini, na mwaka 2024 watu wengi walikuwa wakivuka mpaka kwenda Uvira kuyatafuta kwa madumu. Mafuta ya dumu hayajulikani yamechanganywa na nini. Dizeli chafu huharibu nozeli. Nozeli ikivuja, dizeli isiyoungua huteremka kando ya pistoni na kuingia katika oili, nayo oili ikawa nyepesi kama maji. Masizi nayo huongezeka. Kwa hiyo filta ya leo inabebeshwa mzigo mkubwa kuliko ile ya miaka kumi iliyopita, na hali hiyo hiyo ya uhaba ndiyo inayowavuta walanguzi kuleta filta bandia, zenye boksi la kupendeza na bei ya kutupa. Filta hununuliwa kwa faranga chache. Injini mpya hununuliwa kwa dola, na dola ndizo hizo hizo zinazotakiwa kwa dawa na mbolea.

Ifahamike kwanza kazi yenyewe. Pampu huivuta oili kutoka sampuni, huisukuma kupitia filta, kisha huigawa kwenye beringi za shafti kuu na sehemu nyinginezo zinazosuguana. Utando wa oili unaozitenganisha sehemu hizo ni mwembamba mno, hupimwa kwa mikroni, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Punje ya vumbi isiyoonekana kwa macho yaweza basi kuukwangua uso wa beringi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 na wahandisi wa kampuni ya General Motors ulionyesha kwamba, ikilinganishwa na filta inayozuia punje za mikroni 40, filta ya mikroni 30 hupunguza kulika kwa injini kwa nusu, na ile ya mikroni 15 kwa asilimia 70. Tofauti yote hiyo inatokana na karatasi iliyokunjwa marinda ndani ya kopo la bati.

Lakini karatasi peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ndani ya filta nyingi mna vali ndogo yenye springi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito, au injini ikizungushwa kwa kasi kubwa, vali hiyo hufunguka na kuiacha oili ipite bila kuchujwa, kwa kuwa ni afadhali injini ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa. Mtengenezaji wa injini hupanga springi hiyo ifunguke kwa shinikizo gani. Mwigaji huweka springi yoyote aliyo nayo. Ikiwa laini mno, oili hupita bila kuchujwa siku zote, na dereva hana la kumwonyesha kasoro. Ikiwa ngumu mno, karatasi hupasuka au hujikunja kama mwavuli uliopigwa na upepo, na vipande vyake huelekea kwenye beringi. Kwa magari yenye turbo hatari ni kubwa zaidi, maana shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo huelea juu ya oili hiyo hiyo.

Kuna pia kiwambo cha raba kinachoizuia oili isirudi sampuni injini inapozimwa. Kinahitajika hasa pale filta inapofungwa ubavu au mdomo ukitazama chini. Raba ya kawaida hukauka kwa joto, lakini ile ya silikoni hudumu. Ukisikia injini ikigongagonga kwa sekunde chache kila asubuhi kabla ya kutulia, anza kukishuku kiwambo hicho kabla ya kumlaumu fundi.

Wapo madereva, hasa vijana waliovutiwa na mashindano ya Safari ya Kenya, wanaoamini kwamba dawa ni kununua filta za magari ya mashindano, zile za wavu wa chuma usioshika kutu ambazo huoshwa na kurudishwa. Toyota ilishinda Safari mfululizo kila mwaka tangu mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 hadi 2025, na ni haki kuistaajabia kazi hiyo katika vumbi la Naivasha. Lakini gari la mashindano lina jeshi zima la mafundi linalolingoja mwisho wa siku, na injini yake haikukusudiwa kuishi miaka kumi. Wavu wa chuma hupitisha oili kwa wepesi, na kwa sababu hiyo aghalabu hupitisha pia punje ambazo karatasi nzuri ingezizuia. Kwa gari la doria, filta ya namna hiyo ni pambo.

Achague nini basi fundi wa zamu? Aanze na kitabu cha gari, si na maneno ya muuza duka. Namba ya kipuri iliyoandikwa humo ndiyo amri. Filta mbili zaweza kuingia katika nyuzi zile zile za skrubu, zikafanana kwa urefu na rangi, na bado springi zake zikawa tofauti. Kampuni nyingine zenye sifa hutengeneza filta zinazolingana na ile ya kiwandani, na si kosa kuzitumia, mradi mwagizaji ajulikane na risiti iwepo. Kisha, katika kila shehena mpya, filta moja ikatwe kabla ya zilizosalia kuingia stoo. Ndiyo, ipotee moja. Wahesabu marinda na kuangalia kama yamepangika sawasawa na kugundishwa vizuri miishoni, waibonye springi, waitazame raba, wapitishe kidole ndani kutafuta unga wa chuma uliosahaulika kiwandani. Kamati za ununuzi zinazotazama bei ya chini pekee zingefaa kuhudhuria ukataji huo angalau mara moja.

Jambo la pili ni muda wa kubadilisha, na hapa kilomita hudanganya. Gari la polisi husimama kizuizini likiunguruma kwa saa nyingi, kipimo cha kilomita kimelala, oili inazeeka. Kampuni ya Ford, katika maelekezo ya magari yake ya polisi huko Marekani, huihesabu saa moja ya kuunguruma bila kwenda kuwa sawa na maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Gari lililounguruma saa nne kwa siku limeongeza basi zaidi ya kilomita 200 ambazo daftari halizijui. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ile ya dizeli yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, imejipatia jina kwa uvumilivu tangu ilipotoka mwaka 1990, na naona uvumilivu huo ndio uliotuharibia tabia: tumezoea kusamehewa. Daftari la gari liwe na safu ya saa za kuunguruma kando ya safu ya kilomita. Ni kazi ya kalamu na mstari mmoja wa rula.

Filta iliyotolewa nayo isitupwe kabla ya kukatwa. Msumeno haufai, kwa sababu huacha unga wake mwenyewe na kumchanganya mkaguzi. Kitumike kikata-bati kama kile cha kufungulia makopo. Karatasi ikunjuliwe, ikamuliwe oili, itazamwe juani. Weusi wa masizi ni jambo la kawaida kwa dizeli. Punje zinazong'ang'ania sumaku ni chuma. Zile zinazometameta kwa rangi ya shaba na kuikataa sumaku zinatoka kwenye beringi, na gari lililozitoa lisipangiwe zamu ya usiku wa siku hiyo.